Msiba wa Mara ya Pili

"Pole sana kwa msiba wa mama," ilisema sauti ya mwanamke kwenye simu. "Najua hata mwaka haujaisha."

Nyevu Masha alikuwa amesimama nje ya ofisi ya walimu, kwenye shule moja ya sekondari huko Ngomeni. Vidole vyake vilijaa chaki, na Kidato cha Tatu walikuwa darasani wakimngoja na kemia yao. Aliitoa simu sikioni akaitazama namba. Hakuijua.

"Samahani, naongea na nani?"

"Dakta Kavata, wa chuo kikuu, idara ya sayansi ya maji. Namba yako nimepewa na mwalimu wako mkuu, Bwana Jefwa, kwa sababu ndiye aliyekuandikia barua ya mapendekezo. Nimetaka kukusikia mwenyewe kabla kamati haijafunga orodha ya mwaka huu."

"Dakta, shikamoo. Lakini mama yangu alifariki nikiwa darasa la sita. Imetimia miaka kumi na minane."

Upande wa pili karatasi zikafunuliwa.

"Marahaba. Basi hapa kuna jambo silielewi, Mwalimu Nyevu. Mwaka juzi tulikupa nafasi ya uzamili. Ukatuandikia kwamba huwezi kuja, unamuuguza mama. Mwaka jana tukakupa tena. Ukatuandikia kwamba mama ameaga dunia na huna nguvu ya kusoma. Mimi mwenyewe nilikujibu nikakupa pole."

Nyevu aliegemea ukuta. Kati ya maneno yote hayo, masikio yake yalikuwa yamekamata mawili tu. Tulikupa nafasi. Yeye alikuwa na barua mbili zilizochapwa vizuri, amezihifadhi ndani ya Biblia, zinazoanza na neno moja: tunasikitika.

"Barua hizo, Dakta, zilitoka kwenye anwani gani ya barua pepe?"

"Kwenye anwani yako uliyoijaza kwenye fomu."

Anwani hiyo, jamani, haikuwa yake. Ilifunguliwa na mchumba wake.

Mchumba alikuwa anaitwa Mwaringa, mwenye saiba moja, kiduka cha kompyuta na intaneti, karibu na soko kuu la Malindi. Nyevu alimjua siku alipokwenda kupiga skani vyeti vyake, mwaka juzi. Simu yake ilikuwa imetumbukia kisimani wiki hiyo alipokuwa akipima maji, maana ndoto yake yote ilikuwa hiyo: kujua kwa nini visima vya Ngomeni na Mambrui vinageuka chumvi mwaka baada ya mwaka, na wanawake wanatembea mbali zaidi kutafuta maji ya kunywa. Mwaringa alimfungulia barua pepe, akajaza namba yake mwenyewe kwenye fomu, na nywila akaiandika kwenye daftari la kaunta, kama anavyofanya kwa nusu ya watu wa Malindi. Saiba zetu ndivyo zilivyo. Mtu anakwenda kuomba kazi, anaacha ufunguo wa maisha yake kwenye daftari la kurasa tisini na sita.

Halafu wakapendana. Nyevu alinunua simu nyingine, lakini anwani hakubadilisha. Kila Mwaringa alipomwambia tovuti ya chuo imelala, alimwamini. Mwalimu wa kemia huyo, mtu wa kupima na kupima tena, jambo hili moja hakulipima.

"Mwaka huu pia umo kwenye orodha," Dakta Kavata aliendelea. "Ila wenzangu wanasema tusikutupie nafasi mara ya tatu. Ijumaa mchana tunafunga. Ukiitaka, njoo mwenyewe ofisini Kilifi, na kitambulisho."

"Nitakuja kesho. Na barua hizo, Dakta, tafadhali nitumie kwa namba hii nizione."

Barua zilifika kabla kengele haijalia. Nyevu aliingia maabara na mwenzake Wafa, mwalimu wa Kiswahili, mzaliwa wa Mambrui, ambaye alikuwa amemshonea nguo ya siku ya mahari. Mahari ilikuwa Jumamosi hiyo hiyo. Barua zilikuwa kwa Kiingereza kizuri, nyingine ina hata aya ya shukrani. Nyevu alimsomea Wafa polepole, akigeuza kwa Kiswahili.

"Mama yangu yu mahututi. Mimi ndiye ninayemwogesha kila jioni kwa maji ya mwarobaini, na hakuna mwingine wa kushika zamu. Sina moyo wa kumwacha. Mungu awabariki kwa wema wenu."

Alipofika hapo aliishusha simu.

"Mbona umekoma?" Wafa akauliza.

"Maji ya mwarobaini. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, Wafa. Baba alikuwa kazini mbali. Nilichemsha majani mwenyewe, nikamwogesha mama kila jioni mpaka siku alipokufa. Jambo hilo sijamwambia mtu. Hata wewe hukulijua. Nilimwambia Mwaringa peke yake."

"Astaghfirullah."

"Nilimwambia nikiwa nimelaza kichwa begani kwake."

Nyevu aliiweka simu mezani. Aliinama juu ya sinki la maabara, akafungua bomba, akasukutua. Hasira ilikuwa bado njiani. Kilichotangulia kilikuwa kinyaa, kile cha mtu aliyekula akashiba ndipo akaonyeshwa kilichokuwa ndani ya chungu.

Wafa alisema mambo mengi, mengine hayaandikiki. Mwisho akamsihi amwambie baba yake leo hii, shughuli ya Jumamosi ivunjwe kabla mbuzi hawajachinjwa na watu hawajaalikwa zaidi.

"Nikimwambia baba leo," Nyevu akajibu, "kesho watakaa kikao. Mwaringa atakuja, atalia. Analia vizuri sana yule, wewe humjui. Ataombewa msamaha na wazee, nami nitaambiwa mapenzi yalimzidi. Hapana. Jumamosi nitaulizwa."

"Utaulizwa nini?"

"Kwetu mnazi wa mahari, ile pombe ya wageni, hauguswi mpaka msichana aulizwe mbele ya watu kama unywewe. Akisema unywewe, ameolewa. Akisema usinywewe, uchumba umekwisha, hakuna kikao cha kumpindua. Nataka niulizwe."

Wafa akauliza: "Na kama leo akikwambia kweli?"

Hilo swali lilimgonga pabaya, maana Nyevu bado alikuwa anampenda. Miaka miwili haifutiki kwa aya mbili za Kiingereza. Alichukua mkoba wake, akaomba ruhusa kwa Bwana Jefwa, akashuka Malindi kumpa Mwaringa nafasi moja ya kusema kweli.

Alimkuta kwenye kaunta, shati jeupe limenyooshwa, anamchapia bibi mmoja fomu ya bima ya afya. Alipomwona Nyevu uso wake ulichanua, akamvutia kiti. Bibi alipoondoka, Nyevu akauliza kwa sauti yake ya kawaida:

"Chuo bado hawajajibu?"

Mwaringa aliacha kuandika. Akashusha pumzi. Akainuka, akageuza kibao cha mlangoni kikasoma kwamba amefunga, akarudi kuketi karibu naye na kuushika mkono wake. Kila hatua Nyevu aliijua. Mwaka juzi ilikuwa hivyo hivyo, na mwaka jana vilevile, na mara zote mbili alimshukuru Mungu kwa kumpa mwanamume mwenye huruma.

"Nilikuwa natafuta namna ya kukwambia," Mwaringa alisema. "Imeingia asubuhi."

"Barua?"

"Wamekataa tena, mpenzi. Ngoja nikupe uione."

Alifungua mtoto wa meza akatoa karatasi. Tunasikitika. Orodha ilikuwa haijafungwa, kamati haijaandika jibu, na hapa mtu ameshachapa majonzi yake tayari. Labda alikuwa nayo hapo tangu wiki iliyopita, inangoja siku yake kama kadi ya mwaliko.

Halafu Mwaringa akalia.

Hakuwa akiigiza kijingajinga. Machozi yalikuwa ya kweli, makubwa, yalitiririka mpaka kidevuni, na kidole gumba chake kikawa kinausugua mgongo wa mkono wa Nyevu, taratibu, mbele na nyuma. Nyevu alikitazama kile kidole. Alikuwa amekipenda kuliko chochote mwilini mwa mtu huyu. Sasa kilikuwa kinatembea juu ya ngozi yake, naye alijizuia asiuchomoe mkono kama mtu aliyetambaliwa na jongoo.

"Usilie," alimwambia.

"Inaniuma kuliko wewe. Wewe una akili kuliko hao waliokaa huko ofisini."

"Labda nimeandika vibaya."

"Hapana, mpenzi. Labda Mungu anakuonyesha kwamba mahali pako ni nyumbani. Mwaka jana ulilia hapa hapa, nikakuomba unioe... nisamehe, nikakuomba nikuoe. Ukakubali. Je, kama wangekuchukua, tungekuwa wapi leo?"

Nyevu aliyakumbuka hayo. Aliombwa uchumba akiwa na kamasi na macho mekundu, ameshika barua ya pili ya kukataliwa, hana pengine pa kuegemea. Alidhani alipata bega wakati ukuta umeanguka. Kumbe aliyempa bega ndiye aliyeubomoa ukuta.

Mwaringa alitoka nje kwa mama wa viazi karai, akarudi na sahani na chatne ya ukwaju, kama mwaka juzi, kama mwaka jana. Alikuwa amekwisha kufuta machozi na hatua zake zilikuwa nyepesi. Mtu huyu, Nyevu aliona kwa mara ya kwanza, alikuwa na furaha. Siku zake za raha zilikuwa zile ambazo Nyevu alivunjika.

"Kula kidogo, kwa ajili yangu."

Alitia kipande kimoja kinywani. Mafuta yalikuwa yaleyale, pilipili ileile, lakini hakukimeza. Aliinua ile karatasi ya tunasikitika, akatema kiazi ndani yake, akaikunja vizuri na kuiweka mezani. Mwaringa akadhani ni uchungu.

"Mwaringa, kuna jambo lolote ungependa kuniambia kabla ya Jumamosi?"

Alifikiri. Alifikiri kweli, Nyevu aliona macho yake yakizunguka kama mtu anayekagua mfuko. Mara moja mdomo ulifunguka kidogo, na moyo wa Nyevu ukasimama pale pale, ukimwombea.

"Hakuna," alisema. "Ila kwamba nakupenda."

Basi ikawa hivyo.

Alipofika nyumbani Ganda, kwa baba yake, kulikuwa na ujumbe: "Mpenzi usilie peke yako. Jumamosi nitayafuta machozi yote. Wako, Mwaringa." Nyevu alijibu neno moja, "Jumamosi," akaizima simu akaenda kumsaidia shangazi kupepeta mchele wa sherehe.

Alhamisi alifika Kilifi asubuhi. Dakta Kavata alikuwa mama mfupi mwenye miwani iliyofungwa kamba, haongei sana. Alikitazama kitambulisho, akautazama uso, akamtaka Nyevu amweleze visima vyake. Nyevu alieleza kwa saa nzima. Alipomaliza, mama yule alimsogezea fomu ya kukubali nafasi na kalamu. Anwani ikabadilishwa, namba ikabadilishwa. Kisha akachapa zile barua mbili, akazipiga muhuri wa idara pamoja na tarehe, akauliza kama Nyevu angetaka mtu yule aripotiwe polisi.

"Nitakwambia wiki ijayo, Dakta. Kwanza nataka kumtambulisha kwa wazee."

Jumamosi, nyumba ya Mzee Masha ilijaa kabla ya saa nne. Mzee Masha ni mzee wa kanisa, mnazi hanywi tangu alipobatizwa, lakini mila ya kuuliza hakuiacha, maana alisema aliulizwa mama yake Nyevu na akaulizwa bibi yake. Upande wa Mwaringa waliongozwa na baba yake mdogo, Mzee Garama, mtu wa kofia na fimbo, anayeheshimika mpaka Kakuyuni. Mnazi wenyewe ulikuja kwenye madumu mawili nyuma ya bodaboda, na kibuyu kimoja kilichofungwa ushanga, kwa ajili ya heshima. Vijana wa pale nyumbani waliyatazama yale madumu kwa mapenzi kuliko bwana harusi alivyomtazama bibi harusi.

Maneno ya mwanzo yalikwenda kama yanavyokwenda siku zote. Wageni waliulizwa njia, wakasifu boma, wakasema wameona ua zuri. Mwaringa alikaa kwenye mkeka, kanzu mpya, macho chini kwa adabu. Mara kibuyu kikaletwa katikati, na Shangazi Kabibi, dada mkubwa wa Mzee Masha, akaingia ndani kumtoa Nyevu. Wafa alikuwa naye, amemfunga leso. Shangazi alimsimamisha mbele ya watu.

"Nyevu, wageni hawa unawajua?"

"Nawajua, shangazi."

"Wamekuja na mnazi wao. Tuunywe?"

Wanawake walishaweka ndimi tayari kwa vigelegele.

"Kabla sijajibu, nina swali kwa Mwaringa."

Mshenga wa upande wa wageni akakohoa, akasema kwa upole kwamba siku hii msichana hujibu, haulizi. Baadhi ya wazee wakatikisa vichwa kukubaliana naye. Mzee Masha akainua mkono.

"Mwacheni. Anayeulizwa ana haki ya kuuliza."

Nyevu akamgeukia. "Mwaringa, mama yangu yuko wapi?"

Mwaringa alitabasamu kwa huzuni nzuri. Alidhani ni heshima kwa marehemu, na heshima aliijua. "Yuko pale nyuma ya nyumba, alipolazwa. Kila nikija hapa napita kumwombea."

"Alifariki lini?"

"Ulipokuwa darasa la sita. Ulinieleza mwenyewe."

"Basi mwaka jana, mwezi wa nane, alikufa nani?"

Tabasamu lilibaki pale pale usoni, lakini hakukuwa na mtu nyuma yake.

Nyevu alifungua karatasi zenye muhuri. Alisoma ya kwanza, ile ya mgonjwa, akigeuza kwa Kiswahili, pole pole kama anayewaandikia wanafunzi imla. Akasoma ya pili: "Mama yangu amefariki, tumemzika juzi, nami sina nguvu tena ya kusoma. Naomba nafasi yangu apewe mwingine." Akaeleza kwa maneno machache chuo ni kipi, nafasi ni ipi, na nani aliyemwambia mara mbili kwamba amekataliwa. Mara tatu, akihesabu Jumatano.

Kulikuwa na bibi mmoja mkongwe aliyekaa karibu na mlango. Alitema mate pembeni, akafukia kwa unyayo.

"Si mimi," Mwaringa alisema. "Nywila zile ziko kwenye daftari la kaunta. Mtu yeyote anayeingia saiba angeweza kuandika."

"Na maji ya mwarobaini?" Nyevu akauliza. "Yako kwenye daftari pia? Nilimwogesha mama nikiwa mtoto, mwenyewe, mlango umefungwa. Hata baba hajui. Nilikwambia wewe."

Mzee Masha aliinua kichwa. Alikuwa kazini Mombasa miezi hiyo yote, akarudi kwenye mazishi, na kwa miaka kumi na minane alidhani majirani ndio waliomhudumia mkewe. Alimtazama binti yake. Akavua kofia akaishika mapajani.

Mzee Garama akamgeukia mwana wa nduguye. "Umeandika wewe?"

Mwaringa alitazama madumu, akatazama watu, akaona hakuna mlango. Ndipo machozi yakaja, kwa wakati wake, makubwa na ya kweli.

"Nilimpenda, baba. Niliogopa. Angekwenda huko angekutana na madakta, na mimi nimebaki kuchapa karatasi za watu. Wanawake wakishasoma hivyo hawarudi. Nilifanya kwa mapenzi."

Wazee wawili watatu waliguna. Ule ulikuwa mguno wa kulegea, na Nyevu aliutambua. Hilo ndilo alilokuwa amemwambia Wafa.

"Kuogopa si kosa," alisema. "Ungeniambia unaogopa, ningekaa nawe tukazungumza mpaka jua litue. Pengine ningekuchagua wewe kuliko chuo, sijui, na sasa hatutajua. Lakini wewe ulinifungia mlango, halafu ukaja upande wangu ukanisaidia kuugonga. Ulinitazama nikilia. Ukaninunulia viazi. Na ukalia na mimi, Mwaringa. Hilo ndilo linalonitapisha. Mimi nilikuwa nalilia chuo. Wewe ulikuwa unalia nini?"

  Watu walingoja, kwa sababu swali lilikuwa la haki, na kadiri walivyongoja ndivyo Mwaringa alivyozidi kupungua ndani ya ile kanzu mpya. Machozi yenyewe yalikauka, maana hakuna aliyekuwa anayapokea.

Shangazi Kabibi alikuwa bado amesimama na kibuyu chake. Mila ni mila. Akauliza mara ya pili, sauti imekauka:

"Nyevu, mwanangu. Mnazi huu tuunywe?"

"Msinywe."

"Nauliza mara ya tatu, ili mtu asiseme hakusikia. Tuunywe?"

"Msinywe, shangazi. Hata tone."

Mzee Garama ndiye aliyeinuka wa kwanza. Alikichukua kibuyu mwenyewe kutoka mikononi mwa shangazi, akakipindua kuhakikisha kifuniko kimekaza, kisha akamwinamia Mzee Masha. Alisema hakuja hapo kuposa na maiti. Alisema kumuua mtu aliyekwisha kufa ni jambo ambalo yeye, na umri wake wote, hakuwahi kulisikia, na kwamba watarudi na mbuzi kumtuliza marehemu, lakini Mwaringa hatakuwamo katika msafara huo. Mzee Masha aliitikia kwa kichwa tu.

Madumu yakapandishwa tena juu ya bodaboda. Mnazi ulikuwa umekaa juani muda mrefu, umeanza kuchachuka na kufura, na kila gurudumu lilipoingia shimoni kifuniko kilipiga mlio na povu likamwagika njiani. Wageni waliufuata kwa miguu. Vijana wa nyumbani waliusindikiza kwa macho mpaka ulipopinda kona, wakiwa na huzuni kweli kweli, na sitawalaumu.

Mwaringa alikuwa wa mwisho. Alimkaribia Nyevu, akanyoosha ule mkono wenye kidole gumba.

"Nisamehe hata kwa Mungu."

"Usiniguse," Nyevu alisema, bila kupaza sauti. Wafa akasimama kati yao, akamwonyesha njia kwa kidevu.

Habari haikungoja Jumatatu. Malindi mji mdogo, na kila mtu alikuwa na nywila yake kwenye daftari lile. Walikuja mmoja mmoja, mwalimu, nesi, mwenye hoteli ya Watamu, bibi wa fomu ya bima, kila mmoja akitaka ukurasa wake uchanwe mbele ya macho yake. Daftari likabaki jalada. Mwaringa alituma ujumbe mrefu siku tisa mfululizo. Nyevu alisoma wa kwanza, akaona umeandikwa vizuri, una hata aya ya shukrani, akamfungia namba. Kwa Dakta Kavata alitoa jibu alilomwahidi: taarifa iandikwe polisi. Ikaandikwa.

Jioni ile ya Jumamosi, watu walipokwisha kutawanyika, Mzee Masha alimwita binti yake nyuma ya nyumba. Walikaa kando ya kaburi. Alimuuliza maji yale yalikuwa ya moto kiasi gani, na mama alisema nini, na kama aliumia. Nyevu alimjibu yote. Baba aling'oa majani mawili matatu juu ya saruji, akasema angependa siku moja apelekwe kukiona hicho chuo.

Alipelekwa mwezi wa tisa, siku ya usajili. Alikaa kwenye benchi la nje na kofia yake mapajani, akimtazama kila anayepita kama mtu anayekagua shamba la mwanawe. Ndani, karani kijana alikuwa anamjazia Nyevu fomu ya mwisho, faili lake limefunguliwa mezani.

"Jina la mama?"

"Sidi."

"Yuko hai?"

"Amefariki."

Karani alifunua faili, akakutana na zile barua mbili, akakunja uso. "Hapa mwaka juzi alikuwa mgonjwa, mwaka jana akafariki. Juu huku umeandika alifariki zamani. Niandike ipi?"

"Andika ile ya zamani," Nyevu alisema. "Mama yangu alifariki mara moja tu."